Nani Asukume Kigari cha Pacha?

Bi Johari, shikamoo. Wengine wanaokuandikia huomba uwafiche majina, mie naomba uliandike langu kama lilivyo, Hashimu, dereva wa bodaboda, Kibiti mjini, kijiwe cha jirani na stendi, kwa sababu wote nitakaowasema humu wananijua na mie nawajua na sina ninachoficha. Nataka ushauri juu ya kigari cha watoto. Najua utacheka, hata rafiki yangu Ally alicheka nilipomwambia naandika gazetini habari ya kigari, lakini kigari hiki kimenifikisha pahali ambapo baba yangu mkubwa hapokei simu zangu, mama yangu mzazi anakula kwangu huku amenipa mgongo, na mke wangu, ambaye ndiye niliyemfanyia yote haya, tangu Ijumaa ananijibu ndiyo na hapana tu, basi.

Mie ni mtoto wa delta, nimezaliwa visiwani kwenye mikoko, marehemu baba yangu alikuwa mkata boriti, na huko kwetu ukitaka kwenda popote ni mtumbwi, kwa hiyo mtu asije akasema nimelelewa na vigari vya kizungu. Nilikuja Kibiti kijana, nikajifunza pikipiki, nikamwoa Sikudhani, binti wa wakulima wa Dimani, ambaye siku ya kwanza kumwona alikuwa na ndoo ya maji kichwani, kuni kwapani, na bado ana pumzi ya kumgombeza kaka yake aliyekuwa anatembea mikono mitupu. Nikasema huyu ndiye. Akanizalia Muzdalifa, ambaye sasa ana miaka miwili na mdomo kama wa mama yake, halafu mimba ya pili ikawa ya pacha, na hiyo Bi Johari ilimtesa, nyonga ziliachia, miezi ya mwisho akawa anatembea kwa kushika ukuta, akajifungua kwa upasuaji, mvulana na msichana, Twalibu na Mwanaamina, wazima alhamdulillahi, lakini mama yao alirudi nyumbani hawezi kusimama muda mrefu. Daktari alisema mbele yangu asinyanyue kizito, asimfunge mtoto mgongoni, nyonga itarudi polepole, ila asilale tu, awe anatembea kidogo kidogo huku ameshikilia kitu.

Sasa niambie, watoto watatu, mama haruhusiwi kubeba hata mmoja, bibi yao, mama yangu tunayeishi naye, ana miguu inayovimba, na kliniki wanawataka pacha wapimwe uzito na wachanjwe, mwanamume afanye nini? Akae anaangalia? Nikapanda pikipiki nikaenda Ikwiriri kwa Nurdini, anauza mitumba ya vitu vya nyumbani, vitanda vya watoto, baiskeli ndogo, viti, nikamkuta na vigari vitatu vya kubeba zaidi ya mtoto mmoja. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kirefu, mtoto mmoja mbele na mwingine nyuma, chepesi, viti vyake vinalala kabisa, breki nzuri, lakini kilikuwa na maua ya zambarau mwili mzima mpaka kwenye kofia ya kuzuia jua, nikaona hapana, mie na maua ya zambarau tutapitaje stendi. Cha pili kilikuwa kipana, watoto wanakaa bega kwa bega, cheusi, matairi makubwa ya upepo kama ya toroli, nikakisukuma kwenye mchanga wa nje ya duka kikapita kama trekta. Cha tatu kilikuwa kikubwa zaidi, chekundu, cha watoto watatu, ila kipindi hicho kilikuwa na gurudumu bovu. Nikachukua cheusi. Nurdini akaniuliza, "Mama watoto amekiona?" Nikamwambia mama watoto anaumwa, hili namalizia mie.

Kikafika nyumbani. Tunaishi nyumba ya kupanga yenye msingi mrefu kwa sababu ya maji ya masika, kuna ngazi za saruji mpaka chini, na kigari hakikupita mlangoni, kwa hiyo kinalala barazani na mnyororo. Asubuhi nawapanga pacha ndani yake, nakinyanyua hivyo hivyo na watoto wakiwemo, nashuka nacho, Muzdalifa namkalisha mabegani, tunaondoka. Nakwambia Bi Johari, siku ya kwanza watoto wa mtaani walinikimbilia mpaka karibu na msikiti wakidhani nauza lambalamba, na mmoja alipochungulia akakuta vichwa viwili vimelala akarudi analia. Kliniki ndiyo usiseme. Nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, akina mama wakanipisha mbele, wakaniita Baba Pacha, wakaja kugusa kigari, muuguzi akasema laiti wanaume wote wangekuwa hivi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Sikudhani yote, nani kasema nini na nani kacheka, na kila nikirudi namsimulia.

Kijiweni nako wakaanza. Mmoja ananiambia, "Hashimu, nipeleke sokoni, nikae kushoto au kulia?" Mwingine ananiita Mama Pacha. Mwingine anasema nimelishwa kitu. Nikawaambia ndiyo, nimelishwa, nimelishwa wali na mke wangu miaka yote hii, ninyi mmelishwa nini mpaka watoto wenu hawawajui sura? Na ili wajue kwamba siogopi, nikawa napita kijiweni makusudi, kliniki iko upande mwingine kabisa lakini nazunguka, napunguza mwendo, napita katikati yao, pacha wangu wanaangalia mbingu.

Halafu likatokea jambo moja la kuchekesha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiniona kliniki na watoto bila mama yao, akajiamulia kwamba mama yao amefariki, na mie kila nikiulizwa mama yupo wapi nilikuwa nasema yupo tu, Mungu anajua, sasa yeye akaelewa vingine. Akaulizia nyumbani, akaja na sinia la unga na sukari, amejitanda kanga mpaka usoni, akamkuta mama yangu barazani akamkumbatia akaanza kulia. Sikudhani akasikia kilio, akatoka ameshika ukuta, akauliza, "Nani amekufa?" Kumbe amekufa yeye! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaenda kuwasimulia kijiweni, hata wale wabaya wangu wakacheka. Sikudhani alipokea lile sinia, akamshukuru yule mama, akarudi ndani.

Nafikiri habari hiyo ndiyo iliyopanda boti ikafika visiwani, maana Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, baba mkubwa Mohamedi alifika. Huyu ni kaka yake baba yangu, ndiye aliyenilea baba alipofariki, na akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Hakuketi. Alisimama mbele ya kigari barazani, akakigusa tairi kwa fimbo.

"Hashimu, hiki nini?"

"Kigari, baba."

"Cha nani?"

"Cha wanangu."

"Na anayekisukuma?"

"Mie."

"Mkeo amekufa?"

"Hajafa, yuko ndani."

"Basi mbona watu wanamlilia?"

Mama akadakia kwamba yeye tangu azaliwe hajaona mwanamume wa ukoo wetu anasukuma watoto barabarani kama muuza lambalamba, na kwamba hajui ataweka wapi uso. Baba mkubwa ndipo akaketi, akatoa hukumu yake. Kigari kiondoke leo. Sikudhani apelekwe kwa wazazi wake Dimani mpaka apone sawasawa. Pacha wabaki na bibi yao, ataletwa binti kutoka visiwani wa kusaidia, na mie nirudi kwenye kazi yangu kama wanaume wengine.

Bi Johari, damu ilinipanda kichwani. Nikasema, "Baba, mie nakuheshimu, lakini pacha wananyonya, huyo binti wa visiwani atawanyonyesha nini? Na mke wangu harudishwi kwao kama redio iliyoharibika. Nyonga hizo zimeumia kwa kuwazaa wajukuu zenu." Akanyanyua mkono ninyamaze, akamgeukia Sikudhani aliyekuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akamuuliza kwa upole, kwa kweli alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, na wewe unasemaje?"

Sikudhani akasema, "Mie nasema kigari hiki kitoke."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Baba mkubwa akapiga fimbo chini akasema, umesikia? Mama akasema, umesikia? Mie nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo hata jirani zangu watakuwa wameisikia, "Wallahi hakitoki! Asiyetaka kukiona afumbe macho!" Baba mkubwa akaondoka, wali umeshapakuliwa, hakugusa hata punje. Mama akaingia chumbani. Sikudhani akataka kusema kitu, nikamwambia wewe nyamaza, umeniuza mbele ya wazee. Na kweli akanyamaza, mpaka leo.

Jumamosi nikaenda Ikwiriri. Kile chekundu cha watoto watatu kimetengenezwa gurudumu. Nimemwambia Nurdini aniwekee, na nina wazo la kukifunga honi ya pikipiki, ili nikipita wasikie kabla hawajaniona. Swali langu ni hili. Nikichukue hicho chekundu nimpakie na Muzdalifa, au nibaki na cheusi? Na huyu mwanamke niliyemtetea mbele ya ukoo wangu akanigeuka, nimfanyeje? Usiniambie nikiuze nikae kimya. Hilo sitalifanya, na ninakwambia mapema. Mie sishuki.

Hashimu, Kibiti.

*

Hashimu mwanangu, marahaba.

Nianze na haki yako, kwa sababu nisipoipa nafasi ya mbele utaacha kusoma. Ulifanya vizuri kuwatoa watoto. Ulifanya vizuri kukaa kwenye lile benchi la kliniki peke yako mwanamume. Wanaokucheka kijiweni wacha wacheke, mtoto wako ana chanjo. Na ulivyomjibu baba yako mkubwa kuhusu pacha wanaonyonya, ningekuwepo ningekupigia vigelegele. Mama mzazi hatenganishwi na watoto wa maziwa kwa sababu wazee wameona aibu, na mke hafungashiwi virago kwa kosa la kuumia akizaa. Hapo simama, usisogee hata kidogo.

Umemaliza kufurahi? Sasa kaa chini.

Chini ya barua yako uliandika namba mbili, yako na ya nyumbani. Nikapiga ya nyumbani, saa ambazo najua uko na abiria. Akapokea Sikudhani. Nikamwambia mie nani na nimepata wapi namba, akasema, "Ameandika gazetini kabla hajaniuliza mie?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, kicheko kisicho na raha. Nikamuuliza kama niyaandike atakayoniambia, akasema andika, tena usipunguze. Kwa hiyo haya ni maneno yake.

"Bi Johari, mume wangu ni mtu mwema, usimseme vibaya, wakwe zangu wakapata la kusema. Lakini kila asubuhi anaondoka na wanangu wote watatu, mie nabaki naangalia mlango. Akirudi ananisimulia watu walivyomsalimu. Hanihadithii mwanangu kaongezeka uzito kiasi gani mpaka nimuulize. Kigari kile nimejaribu kukisukuma barazani wakati hayupo, hakitikisiki, ni kizito kama mkokoteni. Ngazi siwezi kushuka nacho. Daktari kaniambia nitembee nikiwa nimeshika kitu, na mie nimeona wazi kwamba kigari ndicho kitu chenyewe, naweza kushika mpini nikatembea na wanangu mbele yangu. Kinaondoka na mume wangu. Halafu nikaletewa unga wa msiba wangu mwenyewe nikiwa hai, na yeye akaketi chini kwa kicheko, akaenda kuwasimulia wenzake."

Nikamuuliza, sasa siku ile ya wazee kwa nini ulisema kitoke?

"Sikuwa nimemaliza," akasema. "Nilisema kigari hiki kitoke, na nilikuwa nataka kusema, kije kingine nitakachoweza kusukuma mie. Baba mkubwa akapiga fimbo, mama akadakia, mume wangu akasimama. Hakuna aliyengoja nimalize. Nilipotaka kumweleza baadaye, akaniambia ninyamaze. Basi nimenyamaza."

Umesikia, Hashimu? Mkeo hakukuuza. Mlikuwa wanaume wawili na mama mtu mzima, mmemuuliza mgonjwa swali, mkachukua nusu ya jibu mkagombania.

Wewe unadhani uko vitani na baba yako mkubwa. Mie naona mnafanana. Yeye anataka kumweka Sikudhani ndani kule Dimani, wewe umemweka ndani hapo Kibiti, na wote wawili mnasema ni kwa faida yake. Tofauti ni kwamba wewe unaitwa Baba Pacha. Unapenda kuitwa hivyo, usinikatalie, umenijazia ukurasa mzima. Kliniki iko upande mwingine na wewe unazunguka na vitoto vichanga kwenye vumbi la stendi ili watu wakuone usivyoogopa. Ukiulizwa mama yao yuko wapi unajibu "yupo tu, Mungu anajua". Jibu gani hilo? Hivyo ndivyo anavyosemwa mtu aliye hai, ambaye nyumbani anakuandalia watoto ili watoke safi? Ungesema, "Yuko nyumbani, anaendelea vizuri, anaitwa Sikudhani, anawasalimu." Yule mama wa watu asingehangaika na sinia.

Na hayo maua ya zambarau. Mwanamume anayeniandikia kwamba haogopi mtu, aliyeapa mbele ya wazee, alikiacha kigari chepesi, chembamba, chenye breki nzuri na viti vinavyolala, kwa sababu ya rangi! Basi kijiwe kilikuchagulia kigari siku ileile, kabla hakijakucheka.

Hicho chekundu usikinunue. Ondoa kichwani. Ukikileta kitakuwa kizito kuliko hicho cheusi, hakitapita popote, na Muzdalifa wa miaka miwili ana miguu yake, mwache aitumie, akichoka utambeba wewe. Na honi ya pikipiki kwenye masikio ya watoto wachanga sitaijadili.

Fanya hivi. Leo hii, kabla hujagusa chakula, ingia ndani umwambie Sikudhani kwamba umekosea kumnyamazisha. Usianze na habari ya ulivyomtetea. Mwambie amalize yale aliyotaka kuyasema, na wewe funga mdomo mpaka afike mwisho. Ikiwa ana la kukuambia kuhusu lile sinia, pokea.

Kisha mrudishe kwa yule daktari, mumuulize waziwazi: anaweza kusukuma kigari chenye watoto wawili, umbali gani, njia ya namna gani? Daktari akisema bado, mnangoja, lakini mnangoja wote, na wakati huo yeye aende kliniki kwa bajaji akiwa na wanawe, hata kama atakaa tu kwenye benchi. Nyonga si kitu cha kushindana nacho, na kigari si gongo la kutembelea, kinateleza mbele.

Daktari akiruhusu, nendeni Ikwiriri wawili. Sikudhani ndiye ajaribu, kwa mikono yake, na watoto wakiwemo ndani, kwa sababu kigari kitupu kila mtu anakisukuma. Aangalie mpini unamfika wapi, asiwe anainama. Abonyeze breki kwa mguu aone kama nguvu zinamtosha. Aone kama akiwa peke yake anaweza kukikunja. Watoto wa umri huo walale chali kabisa, wasikalishwe, na mikanda ifungwe hata kama wamelala. Kipite kwenye mlango wenu, chukua kamba upime mlango kabla ya kuondoka nyumbani. Magurudumu yasiwe yale madogo kama ya meza ya kusukuma, ila yakiwa ya wastani yatatosha, na kwenye mchanga mzito mtu anageuka akakivuta kinyumenyume, hakikwami. Mkoba wa nepi usitundikwe kwenye mpini, mtoto mmoja akitolewa kigari kinaangukia mgongo. Anachokipenda Sikudhani ndicho kinachonunuliwa, kiwe na maua, kiwe na vipepeo. Cheusi mrudishie Nurdini mbadilishane.

Hizo ngazi zitafutie dawa. Wewe ni mtoto wa mkata boriti, hushindwi na mbao. Tengeneza mteremko mrefu, usiwe wa ghafla, uwe na kingo pembeni, umwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza.

Mama yako nitamsemea kidogo. Mwanamke ambaye miguu imemvimba, na nyumba ina mgonjwa na watoto watatu, ana haki ya kununa. Umemuuliza lini hali yake? Mpeleke naye akapimwe presha. Akiendelea kusema umemwaibisha baada ya hapo, mwambie kwa adabu kwamba umesikia, kisha uendelee na kazi yako.

Baba yako mkubwa ni kazi yako wewe, usimtume mkeo. Panda boti uende kwake, mtu aliyekulea hapigiwi simu. Omba radhi kwa kupandisha sauti, kwa hilo tu. Ya Dimani mwambie hapana, umwambie taratibu, ukimwangalia usoni, na akikasirika mara ya pili mwache akasirike. Heshima yake utaendelea kumpa. Ruhusa ya kumtoa mkeo kwenye nyumba yake usimpe.

Ulisema hushuki. Mie sijakuambia ushuke. Nimekuambia usogee pembeni kidogo, umpishe mwenye watoto ashike mpini.

Bi Johari.

*

Ukurasa huu ulikuwa karibu kwenda mtamboni Sikudhani aliponipigia, safari hii yeye mwenyewe. Nilikuwa nimemsomea Hashimu majibu yangu kwenye simu wiki mbili kabla, kwa sababu niliona gazeti litachelewa na mambo ya nyumba yale hayangoji. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umenipiga, Bi Johari," akakata. Nikadhani amekasirika.

Kumbe walienda kwa daktari. Sikudhani aliruhusiwa kusukuma kwenye njia tambarare, na apumzike akichoka. Wakaenda Ikwiriri, akasukuma vyote vya Nurdini nje ya duka, pacha wakiwa ndani, akachagua alichochagua, na Hashimu hakusema neno kuhusu rangi. Mteremko wa mbao umejengwa. Baba mkubwa alifuatwa visiwani, radhi akaipokea, lakini lile la Sikudhani kutopelekwa Dimani akalikataa, akasema atakuja mwenyewe kuona nani anaongoza nyumba ile.

Akaja siku ya kliniki. Aliteremka stendi, akatembea kuelekea nyumbani, akakutana nao njiani. Sikudhani mbele, mikono miwili kwenye mpini, anatembea polepole, na Hashimu nyuma yake na Muzdalifa mabegani na mkoba wa nepi kwapani. Mzee akasimama katikati ya njia na fimbo yake.

"Hashimu! Na wewe hapo nyuma sasa ndiyo nani?"

"Dereva huyo hapo mbele, baba," Hashimu akasema. "Mie utingo."

Sikudhani hakusimama. Akamkwepa mzee kwa upande, taratibu, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo baba mkubwa, karibu sana. Niwie radhi sisimami, nikisimama nyonga inakaza. Tunawapeleka wajukuu zako kupimwa, twende."

Akaendelea kusukuma.

Nikamuuliza, "Sasa mzee alifuata?"

"Sijui, Bi Johari," akasema. "Sikugeuka."